Askari Wanaporudi Nyumbani

Somo kwa wainjilisti, wazee wa kanisa na Wakristo wote. Soma kwanza Yoshua 22, sura nzima.

Katika sharika zetu za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wamo wazazi wenye mwana jeshini, tena wamo wanawake ambao waume zao wako mbali kwa kazi ya kulinda amani. Siku ya kuondoka kwao kila mtu ajua la kufanya. Twawaombea, twawasindikiza hata kituo cha mabasi, na mama hulia. Lakini siku ya kurudi twaidhania kuwa haina kazi yo yote, ila kuchinja mbuzi na kupiga vigelegele. Somo hili lataka kuonyesha ya kuwa kurudi nako ni kazi, tena kazi yenye hatua zake. Yeye arudiye na wao wampokeao wapaswa kujitayarisha mapema. Wako waliopona risasi ugenini, kisha nyumba zao zikavunjika walipokwisha kurudi salama. Jambo hilo laweza kuzuiwa, kama watu wakifundishwa kwa wakati wake.

SAFARI ZA KALE NA ZA SASA

Kwenda mbali si jambo geni kwa Wasukuma. Katika karne ya 19 vijana wa Usukuma na Unyamwezi walichukua pembe za ndovu mabegani hata pwani, wakarudi makwao baada ya miezi mingi. Katika vita kuu ya pili askari wa Tanganyika walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Huko Burma walitembea katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, matope yakiwafika magotini. Vita vilipokwisha mwezi wa Agosti 1945, wengi walingoja meli huko Bara Hindi kwa miezi mingi, wakinung'unika, maana kazi imekwisha na nyumbani hawajafika.

Kazi ya siku hizi ni ya namna nyingine. Umoja wa Mataifa ulianza kutuma walinzi wa amani mwaka 1948, nao hujulikana kwa kofia zao za buluu. Jeshi la Wananchi wa Tanzania limepeleka watu wake kusini mwa Lebanoni, Darfur katika nchi ya Sudani, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Kongo ya mashariki. Wako pia waliokwenda Liberia mwaka 1994.

Mtu asidhani ya kuwa kulinda amani ni kusimama mlangoni na bendera. Tarehe 13 Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliuawa Darfur katika shambulio la kuvizia, na watu 17 wakajeruhiwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Baraza la Usalama lilikuwa limeagiza kikosi maalumu cha askari 3,069 kiende Kongo kupigana na waasi. Kilitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania iliyokuwa Semuliki, upande wa Beni, ilishambuliwa na waasi wa ADF. Askari wasiopungua 14 wakafa, na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa.

Karibu zaidi na siku zetu ni habari ya jeshi la Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC. Jeshi hilo liliingia Kongo mwezi wa Desemba 2023, na Watanzania walikuwamo. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma, na askari hao wakabaki kambini mwao majuma mengi, wamezungukwa na wale waliokuja kupigana nao. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa SADC wakakata shauri kuwaondoa. Tangu mwisho wa Aprili wakaanza kutoka kwa magari, wakapita katika nchi ya Rwanda hata Chato, ng'ambo ya ziwa letu upande wa magharibi.

Hebu fikirini hali ya askari kama huyu. Hakurudi na nyimbo za ushindi. Mji aliotumwa kuulinda umetekwa, na rafiki zake wengine wamekufa. Mtu wa namna hii huja na swali moyoni: Je, tulikwenda bure? Hata yule ambaye hakushindwa aweza kuwa na mzigo wake, kwa kuwa mlinzi wa amani amefungwa na amri juu ya lini apige na lini asipige. Huenda aliona vijiji vikiungua, wanawake wakikimbia na watoto mgongoni, naye yuko mbali, au hana ruhusa, au hana nguvu ya kuwafikia. Jeraha hili halina kovu, na kwa hiyo watu wa nyumbani hawalioni.

Basi na tutazame maandiko. Makabila ya Reubeni na Gadi, na nusu ya kabila la Manase, walikuwa wamekwisha kupata nchi yao mashariki ya Yordani. Wake zao, watoto wao na ng'ombe wao walikaa kule, na wanaume wakavuka mto kupigana kwa ajili ya ndugu zao. Hawakupigania shamba lao wenyewe. Kwa hiyo wafanana sana na walinzi wa amani. Sura ya 22 yatupa habari ya kurudi kwao, nasi twaona ndani yake maneno matatu.

NENO LA KWANZA: WALIAGWA KABLA YA KUONDOKA

Yoshua hakuwaacha watawanyike kama kondoo. Aliwaita, akataja kazi waliyoifanya, akawakumbusha sheria, akawabariki, ndipo akawapa ruhusa (mstari wa 1 hata wa 6). Katika Hesabu 31:19 twasoma habari nyingine: wale waliotoka vitani waliamriwa kukaa nje ya kambi siku saba kabla ya kuingia kwa watu wao. Wazee wa makabila mengi ya Afrika nao walijua neno hili, wakawa na desturi zao za kumtakasa mtu aliyemwaga damu kabla hajaingia nyumbani. Hatushiki desturi zao zote, lakini hekima iliyomo tusiidharau: kati ya vita na nyumba pawepo nafasi.

Zamani nafasi hiyo ilitolewa na meli. Askari waliotoka Burma walikaa baharini siku nyingi pamoja na wenzao, wakasimuliana mambo waliyoyaona, wakacheka na kulia pamoja. Siku hizi ndege yaruka kutoka Afrika ya kati hata Dar es Salaam kwa muda wa saa chache tu. Aliyekuwa handakini siku ya Jumatatu aweza kuwa Bariadi siku ya Ijumaa, akila ugali na watoto. Mwili umefika, lakini moyo ungali njiani.

Kwa hiyo majuma ya mwisho kambini yasipotee bure. Katika siku hizo askari hukabidhi silaha na vyombo kwa wale wajao kushika zamu, huhesabiwa, hupimwa na waganga. Mlinzi wa amani aliyetumika siku 90 chini ya Umoja wa Mataifa hustahili nishani, naye huvishwa mbele ya gwaride. Hayo ni kuagwa kwa jeshi. Lakini kila mtu anayo pia kazi yake mwenyewe, nayo ni hii:

Kwanza, azungumze na wenzake juu ya mambo waliyoyapata, maana hao ndio waliokuwapo, na nyumbani hatapata mwingine wa kumwelewa upesi hivyo. Pili, amwambie mganga ukweli wote, hata habari ya usingizi wake, wala asifiche kitu kwa haraka ya kupanda ndege. Tatu, apatane na yule aliyegombana naye, na kulipa deni lake. Nne, aongee na mkewe kwa simu mapema: atafika lini, ni nani watakaokuwapo, na fedha iliyopo ni kiasi gani.

Tena asichukue silaha wala risasi kuwa ukumbusho. Wazee wetu hapa wakumbuka yaliyofuata vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Makumi ya maelfu ya wanamgambo waliongezwa jeshini, na vita vilipokwisha wengi wakarudi vijijini. Bunduki zikatapakaa, na watu wengi walizitaja kuwa sababu moja ya ujambazi na wizi wa ng'ombe uliozidi Usukumani. Mnamo 1981 na 1982 wanakijiji wakaanza kujilinda wenyewe kwa pinde na mishale na filimbi, na hivyo Sungusungu wakazaliwa upande wa Kahama, wakaenea nchi yote ya Usukuma. Wengi sana wa askari wale walikuwa watu waaminifu waliorudi kulima. Walakini silaha chache zilizopotea njiani zatosha kuharibu amani ya nchi iliyoshinda vita.

NENO LA PILI: WALIGAWANA NA NDUGU ZAO

Katika mstari wa 8 Yoshua anawaagiza wagawane mali waliyorudi nayo pamoja na ndugu zao. Daudi naye aliweka amri kama hiyo, 1 Samweli 30:21 hata 25. Watu 400 walikwenda kupigana, na 200 waliochoka wakabaki penye kijito cha Besori wakilinda vyombo. Wengine hawakutaka kuwagawia hao 200. Daudi akakataa, akawapa wote fungu lililo sawa.

Ni nani waliobaki penye vyombo huku kwetu? Ni mke wa askari. Mwaka mzima alikuwa baba na mama. Alilima pamba, akaipalilia, akaichuma, akabishana na mpimaji mizani. Mtoto alipougua usiku, yeye ndiye aliyempeleka hospitali. Ng'ombe alipopotea, yeye ndiye aliyetafuta watu wa kumfuata. Amejifunza kukata mashauri peke yake. Sasa mume arudi, naye hudhani kila kitu kingali mahali pake kama alivyokiacha. Aanza kutoa amri siku ya pili: mbuzi huyu kwa nini ameuzwa, mtoto huyu kwa nini yuko shule ile. Hapo ndipo ugomvi huanza katika nyumba nyingi.

Mume aliye na akili huuliza kwanza, na kushukuru. Akae majuma machache akitazama jinsi nyumba inavyokwenda, ndipo aingie kazini kidogo kidogo. Mke naye asimfanye mumewe kuwa mgeni wa daima, bali amrudishie kazi zake moja moja. Watoto wadogo wapewe muda, maana sauti ya baba katika simu wameizoea, lakini mtu mrefu aliyeketi kitini hawajamzoea. Akilia mtoto, baba asikasirike. Tena waume na wake waende pamoja kupimwa damu, pasipo kushtakiana, kwa ajili ya afya ya wote wawili.

Habari ya fedha yataka maneno ya wazi. Jamaa husikia ya kuwa mtu wao alikuwa Umoja wa Mataifa, wakadhani amekuja na gunia la fedha. Mmoja ataka bati, mwingine ada ya shule, wa tatu ng'ombe wa mahari. Askari asiyeweza kusema hapana hutoa yote kwa mwezi mmoja, kisha hukopa. Kwa hiyo mume na mke wapatane kabla hajafika: fungu hili la nyumba, hili la shule, hili la wazazi, hili la sadaka, na hili lisiguswe. Kugawana kwa Yoshua kulikuwa kwa utaratibu. Mali ikipukutika kwenye vilabu vya pombe haikugawanywa, imetawanywa tu.

NENO LA TATU: WALIULIZWA KABLA YA KUHUKUMIWA

Sasa twafika penye hatari. Makabila yale yalipofika Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Waisraeli wengine wakasikia, wakadhani hawa wamemwacha Mungu, wakakusanyika Shilo ili wawaendee kwa vita. Tazama: jana walibarikiwa kwa sababu ya uaminifu wao, na leo ndugu zao wawanolea panga! Lakini kabla ya kupiga, walimtuma Finehasi na wakuu kumi wakaulize. Wakajibiwa ya kuwa madhabahu ile ni ushahidi tu, ili watoto wao wasije wakasahauliwa ng'ambo ya mto. Finehasi akasikiliza, akaridhika, na vita havikupigwa.

Mara nyingi askari aliyerudi hufanya jambo tusilolielewa. Hataki kuja ibadani, kwa kuwa hawezi kukaa katikati ya watu wengi. Huketi akiegemea ukuta, akitazama mlango. Baada ya mavuno, ngoma za Bagika na Bagalu zinapolia, yeye huinuka na kuondoka. Usiku hupiga kelele usingizini. Hukasirika kwa neno dogo, au hunyamaza siku nzima. Ndipo watu husema: ana majivuno, au amerogwa, au ana mwanamke kule alikotoka. Hayo ndiyo madhabahu ya Yordani. Tumehukumu kabla ya kuuliza.

Waganga wa siku hizi wajua hali hii vizuri. Mtu aliyeona kifo kwa karibu, moyo wake hukaa macho kama mlinzi asiyepata wa kumpokea zamu. Wengi hupona wenyewe katika majuma machache, wakipata usingizi, chakula, kazi na watu wa kuzungumza nao. Lakini hali hiyo ikipita mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi au kuishi na watu wake, ni maradhi, na maradhi yana matibabu. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bariadi, au aende hospitali ya jeshi, kama ile ya Lugalo. Akisema maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe upesi. Pombe yaonekana kumpa usingizi, lakini humwongezea maradhi. Vivyo hivyo askari akipata homa baada ya kurudi, amweleze mganga alikuwa nchi gani. Tena aliyekaa mwaka mzima mahali pasipo malaria ajue ya kuwa mwili wake umepungukiwa nguvu za kupigana nayo, naye alale katika chandarua.

Wazee wa kanisa na wafuate njia ya Finehasi. Waende wawili au watatu, wasiende kundi kubwa. Waketi, wapokee maji, waulize habari za shamba na mifugo. Wasimwulize ameua wangapi, wala wasimwambie asahau yaliyopita. Yatosha kusema: Tulikuwa tukikutaja katika maombi, siku utakapotaka kusema, tupo. Akisema, wanyamaze na kusikiliza. Akilia, wasimkemee kwamba mwanamume halii. Yaliyosemwa hapo yasitembee kijijini.

MPE JEMBE

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hili ni dawa kwa askari. Siku za kwanza apumzike, wala usharika usimlazimishe kusimama mbele ya watu kusimulia. Baadaye apewe kazi iliyo na maana: kuezeka paa la nyumba ya mwinjilisti, kuwafundisha vijana utaratibu, kuchimba kisima pamoja na wengine. Aliyejiuliza kama alikwenda bure hapati jibu kwa kusifiwa tu. Hulipata akiona mikono yake yafaa tena kujenga.

Tena tusiwasahau wale ambao jamaa zao hawakurudi. Vigelegele vya nyumba moja huingia kama mwiba katika nyumba ya mjane. Yafaa usharika uende kwake siku ile ile, kabla ya karamu, ukae naye. Na askari aliyerudi, akijua nyumbani kwa mwenzake aliyekufa, aende huko akawaambie wazazi jinsi mwana wao alivyokuwa mtu mwema kati ya wenziwe. Safari hiyo ni ngumu kuliko ya Kongo, lakini iliwafariji wengi. Nchi yetu huwakumbuka mashujaa wake tarehe 25 Julai kila mwaka. Nasi siku hiyo twaweza kuyataja majina ya watu wetu katika maombi.

MASWALI KWA WAINJILISTI

1. Makabila mawili na nusu yafanana na walinzi wa amani kwa jambo gani? Taja mawili.

2. Meli iliwapa nini askari waliotoka Burma, ambacho ndege haiwapi askari wa leo? Nyumba na usharika waweza kukitoa jinsi gani?

3. Ni nani katika usharika wako waliobaki penye vyombo? Ni lini walishukuriwa mara ya mwisho?

4. Je, yuko mtu kwenu aliyerudi, naye amehukumiwa kabla ya kuulizwa? Ni wazee gani wawili wafaao kwenda kwake juma hili?

5. Ikiwa askari anatazamiwa kurudi mwezi ujao, andika mambo matatu ambayo mkewe, wazazi wake na usharika wayatengeneze sasa, kabla basi halijafika.

Jibu la swali la nne lisisomwe mbele ya watu. Wazee walifanye kwa siri, nalo lifanywe kabla ya Jumapili ijayo.